Sura ya Saba: Baba Mutale

Sajenti Atupele Kibona alikuwa amevaa jezi ya timu asiyoijua. Ilikuwa ya kijani, imeandikwa Chapakazi FC mgongoni, na aliiazima asubuhi kwa jirani yake wa Vwawa ili afanane na watazamaji wengine. Ubaya wa jezi ni kwamba huita maongezi. Tangu waingie uwanjani watu watatu walikuwa wamemsimamisha kumuuliza kama winga wa kushoto amepona nyonga, naye mara zote tatu alijibu kwamba kijana anaendelea vizuri.

Mara ya tatu Enesi, aliyekuja naye, alicheka ndani ya ukosi wa sweta lake.

"Aliyeumia nyonga ni wa kulia," alisema. "Wa kushoto ameoa."

Ilikuwa fainali ya Kombe la Mpakani, Chapakazi ya Nanyala dhidi ya Malori ya Tunduma, Jumamosi ya katikati ya Julai, na upepo ulikuwa ukitimua vumbi jekundu kutoka golini hadi golini. Uwanja ulizungushiwa kamba ya katani. Upande wa barabara kuu walisimama madereva walioacha magari yao kwenye foleni ya forodha, foleni ambayo tangu juzi haikuwa imesogea. Upande wa pili walikaa watu wa Nakonde, waliovuka mpaka kwa miguu kutoka Zambia kama wanavyovuka kwenda kununua vitunguu. Kutoka sokoni kwao hadi pale ni mwendo wa robo saa.

Atupele alichagua mahali pa kukaa kwa makusudi, nyuma ya goli la kaskazini, ambalo Chapakazi wangelilinda kipindi cha kwanza. Alitandika gazeti kwenye nyasi, akamkaribisha Enesi, akafungua pochi kuhakikisha karatasi mbili alizozichukua kwenye jalada bado zipo.

Jalada lenyewe alikuwa akilijua kwa moyo. Sadoki Simkoko, golikipa wa Chapakazi, alitoweka akiwa na miaka ishirini na tisa, siku ya fainali kama hii, kwenye uwanja huu huu, miaka saba iliyopita. Dakika ya themanini na nane Malori walifunga bao ambalo Nanyala nzima mpaka leo inaapa lilikuwa la kuotea. Mshika kibendera, mtu wa Msangano aitwaye Fanueli Mgala, hakuinua kibendera. Sadoki alitoka golini mbio, akamsukuma kifuani kwa mikono miwili, na Fanueli akaanguka kinyumenyume, kisogo kikagonga jiwe. Walimpakia kwenye pikapu akivuja damu sikioni. Pikapu haijafika hata barabara kuu, habari ilikuwa imeshazunguka uwanja mzima kwamba mshika kibendera amekufa. Sadoki alipotea katikati ya watu akiwa na glovu mikononi. Hakuonekana tena upande huu wa mpaka.

Fanueli hakufa. Aliamka siku ya nne, akarudi kwao, na miezi mitano baadaye akaandika barua kituoni kwamba hana dai na mtu. Atupele alikwenda kumwona wiki hii. Alimkuta anapukuchua mahindi, mnene, mchangamfu, akamwambia kwamba sikio la kushoto halisikii vizuri, na kwa kuwa mkewe hulala upande wa kushoto, hana sababu ya kumlaumu yeyote.

Kwa hiyo hapakuwa na mtu anayemsaka Sadoki kwa kosa lolote. Lililobaki ni jalada la mtu aliyepotea, lililofunguliwa na mkewe, Enesi. Na ndani ya jalada hilo palikuwa na maelezo ya shahidi mmoja tu wa maana. Mpakiaji wa mizigo aitwaye Rabson, miezi kumi baada ya tukio, alimweleza Koplo Gasper kwamba amemwona Sadoki Nakonde kwa macho yake, mzima, anatengeneza baiskeli. Mstari wa mwisho wa maelezo yale ulisema: *Watu wa pale wanamwita Baba Mutale.*

Koplo Gasper alikuwa mtu mwema. Aliichukua karatasi ile mwenyewe mpaka Nanyala, ili mke asisikie mambo hayo sokoni. Enesi aliomba aisome mwenyewe. Wiki iliyofuata alifika kituoni na barua yake ya mistari miwili, akiomba msako usimame. Barua hiyo ndiyo ilikuwa karatasi ya pili kwenye pochi ya Atupele. Ilimalizika kwa neno *nimeridhika*, na mwandishi alikuwa amelikandamizia kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Miaka sita jalada lililala. Rabson aliondoka kwenda kwenye migodi ya shaba huko ndani ya Zambia na hakuna aliyejua aliko. Halafu wiki mbili zilizopita, picha ya nusu fainali ilizunguka kwenye simu za mashabiki wa Chapakazi. Nyuma ya goli alionekana mwanamume aliyefunikwa uso na kofia, amenyoosha viganja mbele kama anayelinda goli lisiloonekana, kiganja cha kushoto kikiwa chini kuliko cha kulia. Siku ya pili yake Enesi alisimama mlangoni pa ofisi ya upelelezi Vwawa na simu mkononi. Hakuna mtu mwingine duniani, alisema, anayesimama hivyo.

Mkuu wa upelelezi alimpa Atupele siku moja. Kama fainali haitoi kitu, Jumatatu jalada lifungwe.

Enesi alitoa uzi wa bluu na sindano mbili za kufumia kwenye mfuko wake, akaanza kufuma bila kutazama mikono.

"Unafuma kwenye mpira?" Atupele aliuliza.

"Bila hii siwezi kukaa. Tangu mume wangu akiwa golini, wakipiga shuti nahesabu vitundu."

"Dada Enesi, nikimpata leo, unataka nini kwake? Niambie sasa hivi, nisije nikafanya lisilo lako."

Enesi alifuma mstari mzima kabla ya kujibu. Alisema hataki mtu arudishwe. Alikaa na Sadoki miaka minne na hawakupata mtoto, na kwao mwanamke akishajifungua humwita mumewe kwa jina la mtoto, na majirani nao humwita hivyo, mpaka jina lake la ubatizo linabaki kwenye cheti tu. Wenzake wote walioolewa mwaka ule walikuwa na Baba fulani wa kumwita. Yeye hakuwa naye.

"Halafu askari anakuja na karatasi, nasoma kwamba kuna mwanamke huko amempa lile jina ndani ya miezi kumi," alisema. "Nataka aniambie mwenyewe, basi. Ana mtoto anaitwa Mutale. Nimsikie kwa mdomo wake, nami niende nyumbani."

Kipyenga kilipulizwa.

Kabla ya dakika ya kumi mwanamke mmoja mnene wa makamo, mwenye beseni la karanga kichwani, alijipenyeza kati yao na kamba akaomba nafasi ya kukaa. Aliitwa Dina, alitoka Nakonde, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, chenye Kibemba pembeni. Alitaka kujua majina yao, wanatoka wapi na kwa nini mmoja anafuma sweta la mtoto kwenye baridi hii wakati watu wazima wanatetemeka. Enesi alimjibu kwamba ni la mtoto wa dada yake. Dina aliridhika, akampimia karanga nyingi kuliko alizolipia.

"Kuleni, Ba Enesi," alisema. "Bola, mpira huu, bila karanga ni mazishi."

Atupele alisikia, akadhani mama yule amekosea maneno au anatania. Hakulifikiria zaidi, maana wakati huohuo, nyuma ya goli, hatua kama ishirini kutoka walipokaa, alikuwa amesimama mwanamume mwenye kofia.

Malori walikuwa wamepata kona. Mwanamume alitanua miguu, akakunja magoti kidogo, akanyoosha viganja. Cha kushoto kilikuwa chini kuliko cha kulia, na kidole cha mwisho kimejitenga na vingine.

Atupele hakunyanyuka. Alimgusa Enesi gotini na kumwonyesha kwa kidevu.

Sindano zilisimama. Enesi alitazama kwa muda ambao kona ilipigwa, ikapanguliwa, ikarudi tena. Kisha akashusha macho.

"Si yeye."

"Hujamwona uso."

"Sihitaji uso. Huyu ana shingo fupi. Na Sadoki akisubiri mpira hatikisi kisigino." Alianza kukusanya uzi. "Nimekusumbua bure, afande. Nimewasumbua wote. Twende zetu."

Mtu mwingine huenda angeondoka. Atupele aliendelea kutazama viganja vya yule bwana. Kama si Sadoki, amepata wapi namna ile ya kusimama? Kwenye jalada palikuwa na cheti cha zamani cha daktari: kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilivunjika mazoezini, kikaungika vibaya, hakikunjiki. Ndiyo sababu Sadoki alishusha kiganja kile na kukitenga kidole kile, ili mpira usikigonge. Mtu mwenye vidole vizima hana sababu ya kusimama hivyo, labda awe amefundishwa na asiye navyo.

"Kaa kidogo, dada," alisema. "Ngoja mapumziko."

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Atupele alimkuta mwenye kofia akinywa togwa kwenye kikombe cha plastiki. Alikuwa mtu wa miaka kama thelathini, ndevu nyingi, mikono ya kazi. Alijitambulisha kwamba ni Brayan, anasukuma guta la mizigo kati ya soko la Tunduma na la Nakonde, na ni kipa wa akiba wa timu moja ya kule. Atupele alimwonyesha kitambulisho chini ya usawa wa mkanda, watu wasione. Brayan aliweka kikombe chini.

"Kama ni ile sukari iliyovushwa usiku, mimi ni guta tu. Mzigo una wenyewe."

"Sijaja kwa sukari. Nionyeshe mikono yako."

Alionyesha. Vidole kumi, vyote vimenyooka, vyote vinakunjika.

"Nani alikufundisha kushusha kiganja cha kushoto?"

Brayan alitabasamu kwa ahueni. Alisema wote wanacheka hivyo kule, timu nzima, kwamba makipa wao wana ugonjwa wa mkono mmoja. Ni kocha wao wa makipa. Aliwafundisha kila kitu alichokijua, na hicho nacho kikaja humohumo, mpaka siku moja wakamuuliza faida yake. Ndipo akawaonyesha kidole chake na kuwaambia wao hawakihitaji. Lakini walikuwa wamechelewa, mwili umeshazoea.

"Kidole gani?"

"Hiki cha mwisho, cha kushoto. Hakikunjiki."

"Anafanya kazi gani, huyo kocha?"

"Fundi baiskeli. Ana kibanda nyuma ya duka la mabati."

"Anaitwa nani?"

"Ba Mutale."

Enesi alikuwa amewafuata. Atupele alimsikia akivuta pumzi nyuma yake, akajua kwamba jina limemfikia. Hakugeuka. Katika mahojiano kuna wakati ambao usiulize swali linalofuata haraka, na wakati ambao ukichelewa limepotea, na yeye hakujua huu ni upi. Aliuliza lile ambalo Enesi alikuwa amelibeba kutoka Nanyala.

"Na huyo mtoto, Mutale, ana umri gani?"

Brayan alimtazama kama mtu aliyeulizwa umri wa guta.

"Mtoto gani?"

"Mutale. Mwanawe."

"Dada, Ba Mutale hana mtoto. Anakaa peke yake, chumba kimoja. Mutale ndiye yeye."

Atupele aligeuka, akamwita Dina, ambaye alikuwa akipita na beseni lake. Alimuuliza kwa upole kabisa: muda ule, alipompa karanga yule dada, alimwitaje?

"Ba Enesi," alisema Dina. "Nimekosea jina?"

"Hujakosea. Lakini huyu ni mwanamke. Atakuwaje baba?"

Dina alicheka mpaka beseni likayumba. Baba ya nani, alisema. Kwao mtu mzima haumwiti jina kavu kama unamwita mbuzi. Unaweka *ba* mbele. Ba Enesi. Ba Dina. Hata huyu wa guta, akiwa na adabu, ni Ba Brayan. Mwanamume, mwanamke, mwenye watoto, asiye nao, wote ni *ba*. Ni heshima tu. Aliwatazama wawili wale wa upande huu wa mpaka kwa huruma, akawaongezea karanga.

Atupele alikuwa mtoto wa milima ya Ileje. Kindali alikijua, Kilambya alikisikia, na Vwawa alikuwa amehamia miezi minne tu. Kibemba hakukijua hata salamu. Lakini Gasper je? Alitembea mpaka nyuma ya gari la wauza soda, kwenye utulivu kidogo, akampigia.

Koplo Gasper sasa alikuwa mkoani kwao, Lindi, na alilikumbuka jalada. Atupele alimwomba afikirie vizuri. Rabson alitamka vipi lile jina? Kwa maneno yake mwenyewe, kama alivyoyasikia. Gasper alijibu kwamba Rabson alisema Ba Mutale. Alilisema mara mbili. Yeye wakati ule alikuwa na miezi mitatu tu Tunduma, aliona watu wa kule wanakata maneno mkia, na maelezo ya shahidi lazima yasomeke mahakamani. Akaliandika kwa ukamilifu.

"Kwani si Kiswahili chake ndicho hicho?" aliuliza. "Ba si ni baba?"

"Huko kwenu," alisema Atupele.

Alimshukuru. Hakumweleza kilichotokea. Alifikiri kwamba ni mtu mwema, na kwamba kuna siku itabidi aambiwe, lakini si leo na si kwa simu.

Aliporudi, kipindi cha pili kilikuwa kimeanza na Enesi alikuwa ameketi palepale kwenye gazeti, ameshika sindano bila kufuma. Brayan alichuchumaa karibu yake, hajui aondoke au abaki. Atupele alikaa, akatoa karatasi ya maelezo, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Alieleza pole pole, hatua kwa hatua, kama anavyoeleza mahakamani. Shahidi alisema hivi. Mwandishi aliandika hivi. Herufi mbili zimeongezwa na mtu aliyetaka kurekebisha. Mutale ni jina ambalo Sadoki alijipa ili asijulikane, na *ba* ni adabu ya watu wa kule. Hakuna mtoto. Katika maelezo yote hakuna mahali shahidi alipotaja mwanamke.

Enesi aliitazama karatasi. Malori walifunga bao. Uwanja ulifurika upande wa barabara, vumbi likapanda, honi za malori zikalia mpaka foleni ya forodha. Hakuinua kichwa.

"Miaka sita," alisema. "Nimemchukia mtu miaka sita kwa ajili ya *ba*."

Atupele alimgeukia Brayan, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha. Alitaka kujua kwa nini kocha mwenyewe haji kutazama fainali ambayo iko robo saa kutoka kibandani kwake.

Brayan alisema haji kabisa Tunduma. Hakuna anayejua sababu, wala hawamuulizi. Lakini kila mwaka nusu fainali na fainali zikifika humtuma yeye. Ni mwaka wa nne sasa. Humwambia asimame nyuma ya goli la Chapakazi, ndiyo maana anasimama pale ingawa moyo wake uko Malori. Akirudi, Ba Mutale haulizi nani kafunga.

"Anauliza nini?"

"Kitu kimoja tu. Anauliza kama nyuma ya goli kulikuwa na mwanamke anaye..." Brayan alikuwa akitazama uwanjani wakati anasema. Sasa alikuwa akitazama mikono ya Enesi. Sauti yake ikapungua. "Mwanamke anayefuma."

Enesi alishusha sindano mapajani.

"Nami miaka yote nimemwambia hayupo," alisema Brayan. "Kwa sababu ulikuwa hupo, mama. Nilikuwa natafuta kweli. Nazunguka goli zima. Akishasikia anasema asante, anarudi kwenye baiskeli zake."

Atupele aliyapanga kichwani, na yakajipanga bila kulazimishwa. Mwaka wa kwanza Enesi angekuja, angekaa hapa na uzi wake, lakini karatasi ya Gasper ilimfikia kabla ya fainali. Sadoki upande wa pili alidhani ameua mtu na hawezi kuvuka, wala hakuthubutu kumuuliza yeyote asije akajulikana. Alitaka kujua jambo moja tu, na kila mwaka alipata jibu lilelile. Kila mmoja alikuwa amepata jibu. Kila mmoja aliridhika.

Brayan alikuwa ameshatoa simu. Namba ilikuwepo, alisema, anaweza kumpigia sasa hivi, akaongea naye hapa hapa.

Enesi aliisukuma simu kwa ncha ya sindano.

"Usinipe. Nimeshiba maneno yanayopitia kwa watu." Alikunja sweta lile dogo, akachomeka sindano ndani ya mpira wa uzi. "Mwambie tu aje mpaka kwenye mawe ya mpaka, njia ya watu wa sokoni. Usimwambie kwa nini."

Brayan alipiga. Alizungumza Kibemba, maneno machache, na Atupele hakuelewa hata moja isipokuwa lile fupi la mwanzo, ambalo sasa alilijua. Chapakazi walikuwa wamesawazisha, penalti zilinukia, watu waliacha kukaa. Ilibidi wapite wakisema samahani, samahani, na mzee mmoja aliyewaona wanaondoka na jezi ya kijani akawauliza ni mashabiki gani wanaokimbia timu dakika hizi. Atupele alimwambia wanarudi.

Njia ya watu wa sokoni ilipita kati ya ukuta wa ghala na vibanda vya viatu, ikatokea kwenye uwazi wenye mawe yaliyopakwa chokaa. Watu walipita kwenda na kurudi, wanawake na mabeseni, wanaume na magunia ya unga, wanafunzi, mtu na mbuzi wake. Atupele alisimama kwenye jiwe la kwanza. Bila kibali cha maandishi kutoka pande zote mbili, mpelelezi hawezi kupiga hatua zaidi. Jalada lake lilikomea pale. Enesi alikuwa raia, na raia anakwenda sokoni.

Atupele alimpa alilokuwa nalo. Alimwambia aanze na Fanueli: yu hai, ananenepa, ana mahindi mengi mwaka huu, sikio moja tu. Amwambie kwamba hakuna hati ya kumkamata, na kwamba akitaka uthibitisho, Sajenti Kibona amesimama hapa na karatasi. Mengine ni yao wenyewe.

Enesi aliitikia kila neno. Alifunga kitambaa kichwani upya, akashuka hatua mbili, akasimama.

"Wewe," alisema.

"Naam, dada. Nakusikia."

"Si wewe. Nimekumbuka. Nilikuwa nawaza nikimfikia nimwiteje. Sadoki sijawahi kumwita, mbele ya mama mkwe ni aibu. Baba fulani hatukuwa nalo. Hilo la Mutale si langu." Alifuta vumbi usoni kwa kiganja. "Nilikuwa namwita hivyo. Wewe. Wewe, chakula tayari. Wewe, glovu zako zimekauka. Miaka minne."

"Hilo halimo kwenye jalada," alisema Atupele.

"Hamkuuliza."

Alivuka. Brayan alibaki nyuma na Atupele, kofia mkononi. Upande wa pili njia ilikuwa imejaa zaidi, maana soko lilikuwa likifungwa, na wanaume waliosimama kando wakingoja wake zao, wateja wao au guta la kubebea mizigo walikuwa zaidi ya ishirini. Wengi walikuwa wamewapa mgongo. Brayan alifungua mdomo amwonyeshe yupi. Atupele alimshika mkono, akatikisa kichwa.

Enesi alisimama katikati ya njia, mfuko wa uzi kifuani. Watu walimpita kushoto na kulia. Alitazama migongo ile yote. Kisha akasema, kwa sauti ambayo mtu humwitia aliye chumba cha pili:

"Wewe."

Ni neno ambalo mtu yeyote anaweza kuitwa. Aligeuka mmoja.